Faili limeandikwa "hashirikiani": tumemwona mtu mzima au tumeona nyonga tu?

#1 Mnyoosha Viungo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na wagonjwa wangu wengi ni wazee: waliovunjika nyonga, waliopata kiharusi, waliolala wiki tatu kwa homa ya mapafu wakaamka miguu imekuwa ya mtu mwingine. Nina jambo linanikera siku nyingi, na kwa kuwa kosa nitakaloanza nalo ni langu mwenyewe, mtanivumilia.

Bibi mmoja wa miaka 80 na ushee aliletwa kwangu siku ya pili baada ya kupasuliwa nyonga. Mfupa umekaa vizuri, kidonda kisafi, vipimo vya damu havina neno. Kila siku saa 4 asubuhi nafika kitandani: "Bibi, leo tunasimama." Anageukia ukutani. Siku ya kwanza alisema amechoka. Ya pili kichwa kinauma. Ya tatu hakusema kitu. Nikaandika kwenye faili neno ambalo nimeliandika mara nyingi mno: hashirikiani. Na neno hilo likishakaa pale, kila anayefungua faili analisoma kabla hajamwona mgonjwa. Kuanzia hapo bibi ni mkaidi, kesi imefungwa.

Aliyelifungua fumbo si mimi wala daktari. Ni mama anayefanya usafi wodini. Alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Huyo bibi anaogopa kujikojolea mbele yako."

Nikaenda kuangalia chati ya dawa. Vidonge vya kukojoa, vile vya kupunguza maji mwilini kwa ajili ya moyo, anapewa saa 3. Mimi nafika saa 4. Yaani tunampa dawa ya kumbana mkojo, kisha tunamtaka mama wa watoto saba asimame mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake, gauni la wodi likiwa wazi mgongoni. Wewe ungesimama?

Daktari alikubali mazoezi yatangulie dawa. Muuguzi akampeleka msalani kwanza. Tukamtafutia kanga ya kujifunga, na siku za mwanzo akasimamishwa na mwenzangu wa kike. Asubuhi hiyohiyo alisimama akishika woka. Wiki iliyofuata alikuwa anafika mlangoni na kurudi, na mimi nikaruhusiwa kuwepo.

Kiswahili kinamwita mzee "mtu mzima". Sidhani waliolianzisha neno walikuwa wakiwaza haya ninayowaza mimi, ila limenikaa kichwani: mzima, si kipande. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mfumo wa kuainisha utendaji wa mwili na ulemavu, na ukiuvua lugha ya kitaalamu unauliza maswali ya kawaida kabisa. Mwili umeharibika wapi? Mtu mwenyewe anaweza kutenda nini? Anashiriki nini katika maisha ya wenzake? Na mazingira yake, pamoja na yeye alivyo, vinamsaidia au vinamzuia? Sisi wa mazoezi tunapiga kambi kwenye swali la kwanza. Goti linakunja nyuzi ngapi. Sijawahi kukutana na mzee aliyeniambia anataka nyuzi 110. Wananiambia wanataka kuingia msalani bila kushikwa.

Naomba tuchangie, hasa mnaotunza wazee nyumbani. Ni lini mlimwita mzee mkaidi, kisha mkagundua kulikuwa na jambo?


#2 Kobe Mwendo

Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.


#3 Binti wa Mwisho

Mtoa mada umenigusa penyewe. Baba yangu alipata kiharusi miezi minne iliyopita. Upande wa kulia umelegea na maneno yamempotea. Anaelewa, naona kabisa anaelewa, ila akitaka kusema "maji" linatoka neno jingine, au halitoki lolote. Tunamfanyia mazoezi mara mbili kwa siku kama tulivyoelekezwa. Nimesema tunamfanyia kwa sababu ndivyo ilivyo: mimi nanyanyua mkono, kaka ananyanyua mguu, yeye anatazama dari. Siku hizi akituona tunaingia analia. Kaka anasema anadeka. Mimi sijui. Tuendelee au tumwache apumzike?


#4 Mnyoosha Viungo

Dada, pole. Na pole hiyo ni yako pia, si ya mzee peke yake.

Kilio baada ya kiharusi kina asili zaidi ya moja na hakitibiwi namna moja. Kuna sonona, ambayo humpata karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi: hamu ya kila kitu inakwisha, usingizi unaharibika, chakula hakipiti. Halafu kuna kilio kinachotokana na jeraha lenyewe la ubongo. Breki ya hisia imelegea, mtu analia kwa jambo dogo, au hata anacheka msibani, na baada ya dakika moja ametulia wala hana huzuni yoyote. Mweleze daktari wenu analia lini, kwa muda gani, analala vipi, na kama bado kuna kitu kinachomchangamsha. Yote mawili yana tiba. Kudeka hakumo kwenye orodha.

La tatu ni maumivu. Ule mkono uliolegea msiuvute kamwe, si wakati wa mazoezi, si wakati wa kumgeuza kitandani, si wakati wa kumvisha. Misuli inayoshikilia bega imelala, kwa hiyo bega linashuka na kuumia kirahisi. Umshike chini ya kiwiko na kwenye bega, uubebe mkono, usiutumie kama kamba. Nimeona wengi wanaolia mazoezini wakilia kwa sababu ya bega, na asiye na maneno atakwambiaje "hapo panauma"?

Maswali yawe ya ndiyo au hapana, moja kwa wakati, redio izimwe. Kisha subiri. Subiri kuliko unavyodhani inatosha. Na katika maswali hayo muulizeni jambo ambalo nahisi hamjamuuliza: yeye anataka kurudi kufanya nini? Mwonyesheni picha, vitu vyenyewe, ishara, chochote.


#5 Kisu Kikali

Samahanini natia mchanga kwenye kitumbua. Maneno haya ni matamu na kwenye semina yanapigiwa makofi. Ila mimi nimefanya kazi wodini. Wauguzi 2, wagonjwa 30. Saa ngapi unakaa kumuuliza mtu anataka kurudi kufanya nini? Nyonga iliyovunjika inataka upasuaji wa haraka, inataka dawa ya maumivu, inataka damu isigande. Ukichelewa hayo, hiyo historia ya maisha yake utaiandika akiwa na vidonda vya kulalia.

Na kuna jingine. Hili la "mwili, akili na roho kwa pamoja" nimeliona likigeuzwa kichaka. Kila asiye na ujuzi anajificha humo, anauza mafuta ya kuchua kwa waliopooza na kuwaambia waache vidonge vya presha.


#6 Nesi wa Usiku

Kisu, nusu ya pili nakuunga mkono kwa mikono miwili. Anayemtoa mgonjwa kwenye vidonge vya presha hajamtazama mtu mzima, amemtoa figo na mishipa akabakiza roho. Nacho ni kipande.

Nusu ya kwanza nakataa. Wewe ulikuwa zamu ya mchana eti? Njoo usiku. Mzee ameingia na homa ya mapafu, akili timamu, anatutajia wajukuu wote kwa majina. Usiku wa pili anavua nguo, anang'oa dripu, anamwita dada yake aliyekufa zamani. Asubuhi wanasema uzee umempanda. Uzee haupandi kwa usiku mmoja! Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura. Tafuta maambukizi, kibofu kilichojaa, choo kigumu, dawa mpya iliyoongezwa jana, maji ambayo hakunywa. Na usimfunge kamba, na ule mpira wa mkojo aliowekwa bila sababu ya maana utolewe, maana nao unamsumbua na kumletea maambukizi.

Halafu fungua droo ya kitanda chake. Miwani imo. Kifaa cha kusikia kimo, kimefungwa kwenye kitambaa kisipotee. Mtu haoni, hasikii, yuko mahali asipopajua, taa zinawaka usiku kucha, kila saa anaguswa na mkono mgeni. Wewe ungebaki na akili zako?

Na hoja ya uchache wetu ilijibiwa zamani. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea. Kundi moja lilipewa huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa mambo ambayo bibi yako angeyajua: kutembezwa, kunyweshwa maji, kuvaa miwani na vifaa vya kusikia, kukumbushwa siku na mahali walipo, kusaidiwa kulala bila vidonge vya usingizi. Waliochanganyikiwa kundi la kawaida ni asilimia 15, hilo jingine 9.9. Na sehemu kubwa ya mambo hayo ilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa, si wauguzi.


#7 Kisu Kikali

Hiyo ya droo imeniingia. Nimeifungua hiyo droo mara nyingi nikitafuta kipimajoto. Miwani nilikuwa naisogeza pembeni.


#8 Mnyoosha Viungo

Kisu, hapo umekuwa muungwana kuliko mimi, mimi ilinichukua miaka.

Niongeze kidogo kuhusu "nani ana muda". Mwaka 1935 daktari Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex, London, alikabidhiwa wodi za nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, wagonjwa 714. Wengi walikuwa wazee waliolazwa pale wakaachwa, wengine kwa miaka. Wodi za aina ile zilikuwa za kusubiri kifo. Yeye alianza kuwapima mmoja mmoja. Akatenganisha wenye kuhitaji tiba, wenye kuhitaji mazoezi, wenye kuhitaji matunzo ya kudumu. Akawatoa vitandani, akabadilisha mandhari ya wodi. Wengi walisimama, na baadhi wakarudi makwao. Hakuvumbua dawa yoyote. Alikataa tu kuamini kwamba "mzee" ni jina la ugonjwa.

Alichokianza ndicho leo kinaitwa tathmini kamili ya mzee: daktari, muuguzi, mtu wa mazoezi, mtu wa tiba-kazi (anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku kama kuvaa na kula), mtu wa ustawi wa jamii, wanakaa meza moja juu ya mgonjwa mmoja na kutoka na mpango mmoja. Mwaka 2017 mapitio ya tafiti 29, zenye wagonjwa zaidi ya 13,000 waliolazwa, yalionyesha kwamba waliopata tathmini hiyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuwa nyumbani kwao miezi kadhaa baadaye. Tusizidishe chumvi: idadi ya vifo peke yake haikubadilika sana. Kilichobadilika hasa ni mtu anaishi wapi. Lakini waulize wazee kama hilo ni dogo.

Na kitanda chenyewe ni ugonjwa. Kuna utafiti wa mwaka 2007: wazee wenye afya njema walilazwa siku 10 tu, hawaumwi chochote. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Sasa weka juu yake homa, njaa ya kabla ya upasuaji na maumivu. Ndiyo maana tunawasumbua wasimame mapema. Kwa bibi yangu sikukosea lengo, nilikosea njia.


#9 Mjukuu Mkubwa

Sisi tulikosea upande wa pili kabisa. Bibi alipotoka hospitali ukoo mzima ulijaa mapenzi. Anavishwa, anaogeshwa, analishwa kwa kijiko, akitaka kunyanyua kikombe mtu ameshakiwahi. Tukionekana na majirani tunasifiwa. Miezi sita baadaye alikuwa hawezi kufunga kifungo. Tumemhudumia mpaka akasahau kuvaa.

Alikuja mtu wa tiba-kazi, akakaa kimya asubuhi nzima akitutazama tu, mwishoni akauliza, "Huyu bibi ana kazi gani humu ndani?" Tukatazamana. Hakuwa na kazi. Alikuwa mgeni wa heshima nyumbani kwake.

Tulianza na vifungo viwili vya juu. Yeye viwili, sisi vilivyobaki. Kuvaa kukawa kunachukua dakika 40, mama mdogo akawa anatoka nje kwa kukosa subira. Sasa anafunga vyote, na nguo zilizofuliwa zinakunjwa na yeye. Akikunja vibaya tunaacha hivyohivyo.


#10 Kobe Mwendo

Hapo kwa mama mdogo nimecheka, ni mimi huyo.

Swali: mzee wangu akisimama tu anayumba, ameshaanguka mara mbili. Tumeamua akae kwenye kiti, mtu akitoka tunasogeza meza mbele yake asiinuke. Tumekosea?


#11 Nesi wa Usiku

Mkuu, meza toa. Hiyo ni kamba yenye miguu minne. Atajaribu kuipita na ataanguka vibaya zaidi, au hatajaribu tena na miguu itakwisha, ambalo ndilo anguko lijalo.

Apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi mwili hauwahi kupandisha damu anapoinuka. Mara nyingi mkosaji ni dawa. Bebeni dawa zake zote, hata zile alizopewa na jirani, mzimwage mezani kwa daktari. Akishavuka dawa 5 kila moja inahitaji kujieleza ina kazi gani. Msimpunguzie wenyewe lakini! Wakati mnasubiri: aamke kwa hatua, akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Macho yapimwe, kucha zikatwe, ndala zilizolegea zitupwe, njia ya msalani iwe na taa.


#12 Mnyoosha Viungo

Nyongeza moja: mwambie ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi, wewe uko karibu yake na saa mkononi. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, peleka taarifa hiyo kwa wataalamu, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kisha muulize pia kama anaogopa. Aliyeanguka mara mbili anatembea akitazama sakafu, hatua fupi, mwili umekakamaa, na woga huo nao unaangusha.


#13 Kisu Kikali

Nimerudi, na safari hii sina mchanga. Nina tahadhari mbili.

Kwanza, "mapema" isiwe fimbo. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa wa kiharusi, zaidi ya watu 2,000. Walioanzishwa mazoezi ndani ya saa 24 na kwa wingi sana walitoka na matokeo mabaya kidogo kuliko wa utaratibu wa kawaida. Vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vilivyoonekana kufaa zaidi. Wapo ndugu na wataalamu ambao wakisikia "kitanda ni ugonjwa" wanamburuza mtu.

Pili, mmezungumza sana kuhusu kumuuliza mzee anataka nini, kana kwamba atajibu tunachopenda. Ninamfahamu mzee aliyejibu kwamba anataka kupanda ngazi kwenda chumbani kwake juu. Miguu haijatulia. Watoto wakamhamishia kitanda sebuleni kwa usalama wake. Akanyamaza, akaacha kula. Walimuuliza, wakasikia, kisha wakafanya walichotaka wao. Bora wasingeuliza. Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuchagua hatari yake, na hili ndilo hatutaki kulisema kwa sauti, kwa kuwa akianguka tutaulizwa sisi.


#14 Mnyoosha Viungo

Kisu, hapo ndipo penye mfupa. Sina jibu la kufungia. Ninachofanya ni kuipasua hiyo hatari vipande: ngazi ngapi, reli iko upande gani, ni saa ngapi ya siku miguu yake ina nguvu, anaweza kupanda mara moja tu jioni na kushuka mara moja asubuhi mtu akiwa nyuma yake? Mara nyingi kati ya "panda" na "marufuku" kuna vidato vingi. Na kama akili yake inakuja na kupotea, bado kuna mambo anayoweza kuamua, hata kama si yote. Ila kweli, kuna siku nimeondoka nyumbani kwa mtu nikijua anaweza kuanguka na nikaona bado ni sawa. Nililala vibaya siku hiyo.


#15 Binti wa Mwisho

Wakuu nimerudi na mrejesho, ni wiki tatu sasa.

Daktari amesema sonona ipo, ameanzishiwa dawa, ametuambia itachukua wiki kadhaa kuona tofauti. Bega pia lilikuwa linauma kweli. Tulikuwa tunavuta. Nililia mimi siku hiyo.

Swali la anataka nini lilituchukua jioni tatu. Picha za kiti cha nje, za redio, za marafiki zake, kote anatikisa kichwa hapana. Jioni ya tatu alishika shavu lake kwa mkono wa kushoto akalisugua, akanitazama kwa hasira, akalisugua tena. Ndevu. Baba yangu maisha yake yote alijinyoa mwenyewe kila asubuhi kabla mtu hajamwona, na kwa miezi minne kaka alikuwa anamnyoa kila anapopata nafasi, Jumapili kwa Jumapili, akiwa amelala, taulo shingoni kama mtoto.

Tukamwuliza mtu wa mazoezi. Akasema hayo ndiyo mazoezi. Akae wima bila kuegemea, mkono wa kulia uwekwe juu ya meza ushikilie kioo hata kama unashikilia kwa uzito tu, wa kushoto ushike mashine ya umeme, si wembe. Siku ya kwanza alikaa dakika 4 akachoka. Leo amekaa dakika 15, kitu ambacho kwenye mazoezi yetu ya dari hakikuwahi kutokea. Bado hasemi. Ila asubuhi akisikia nafungua kabati la mashine anaanza kujisogeza ukingoni mwa kitanda peke yake.

Amebakiza kipande chini ya kidevu upande wa kulia. Kaka alitaka kukimalizia, baba akamsukuma mkono.


#16 Kisu Kikali

Kakako akae mbali na hiyo mashine.